Mwongozo wa Kuiua Sakafu ya Mbao

Korosho zimeuzwa, hela imeingia benki, na wewe bwana wa Ruangwa umekwenda Dar es Salaam ukarudi na maboksi ya mbao za sakafuni. Hongera sana. Jirani wa kulia ana vigae, wa kushoto ana saruji iliyokolea polishi nyekundu, na wewe peke yako mtaa mzima una sebule ya mbao. Nisingependa kukukatisha tamaa, maana bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kilichobaki ni kukuelekeza namna ya kuimaliza sakafu hiyo kabla ya mnada wa korosho wa mwakani. Njia zipo tele, na uzuri wake hazihitaji ubaya wa mtu. Zote zinafanywa kwa nia njema, na watu wanaokupenda.

Kwanza ujue unachokiua. Chukua kipande fundi alichokikata akakitupa, ukitazame ubavuni. Juu kabisa utaona ngozi ya mti halisi. Kwenye mbao za bei kali ngozi hiyo hufika milimita 6. Kwenye zile ulizopunguziwa bei ukafurahi, huenda ni milimita 0.6 tu. Chini yake kuna tabaka za mti wa bei nafuu zilizogundishwa kwa kupishanisha nyuzi, kama plaiwudi ya Mafinga, au kuna unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa ubao. Kupishanisha huko kuna akili. Mti ukipata unyevu hutanuka upana, hautanuki urefu; kwa hiyo tabaka moja linapotaka kutanuka, lile la chini yake linalishika lisiende. Ndiyo maana muuzaji alikuapia kwamba mbao hizi hazipindi. Alisema nusu ya ukweli. Nusu ya pili, ya gundi na ile ngozi, alikuachia uigundue mwenyewe.

Nichepuke kidogo. Maboksi yako yamevuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kwa daraja hilohilo magogo ya Lindi na Mtwara yalipata njia rahisi ya kwenda kaskazini, mpaka ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ikaonyesha kwamba takwimu za China za mbao zilizoingia kutoka Tanzania zilikuwa mara 10 ya zile tulizoandika sisi kuwa zimetoka. Mninga na mkongo wetu uliondoka mzima mzima, na leo mtu wa Nachingwea, mwenye pori nyuma ya shamba lake, ananunua ngozi ya mti ndani ya boksi. Haya, turudi sebuleni.

Silaha ya kwanza ni ndoo. Sisi hatuujui usafi usio na maji. Nyumba ya heshima hupigwa deki asubuhi, na wageni wakitarajiwa hupigwa tena jioni: ndoo imejaa, sabuni ya unga imetoa povu, tambara linazamishwa na kutolewa likichuruzika, mtu ameinama anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, na sakafu inaachwa ijikaushe yenyewe. Kwenye saruji hiyo ni ibada. Kwenye mbao ni mazishi. Maji hayapenyi kwa juu, kwa sababu juu kuna vanishi. Yanapita kwenye maungio, pale ubao unapomshika mwenzake, ambapo vanishi haikufika. Huko ndani tabaka la chini linakunywa taratibu. Siku ya kwanza huoni kitu. Baada ya wiki kadhaa pitisha kiganja chako sakafuni, utazikuta kingo za mbao zimeinuka na kila ungio limefanya kituta chembamba. Kuanzia hapo miguu ya wapita njia inasugua vile vituta, vanishi inakwanguka hapohapo, na maji ya kesho yanapata mlango mpana kuliko wa jana. Ubao wa unga ulioshindiliwa ndio wenye kiburi kuliko wote: ukishavimba haurudi, hata jua la Oktoba la Nachingwea liupige mwezi mzima.

Ukitaka kazi iende haraka, mkaribishe mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hapa hapajapigwa deki?"

"Mama, hii ni ya mbao, haitaki maji. Tunaifuta tu."

"Haitaki maji! Kwani ni moto?"

Hoja hiyo haina jibu. Alfajiri ya kesho yake, kabla hamjaamka, mama ameshakusaidia ndoo mbili, na amepitisha kwenye pembe zote, hata chini ya kabati ambako hakujafikiwa tangu fundi aondoke. Utamshukuru, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Wapo wakaidi wanaotaka sakafu zao ziishi, na nitawataja hapa na pale ili uwakwepe. Mkaidi anafuta vumbi kwanza kwa kitambaa laini kikavu. Halafu, mara moja kwa wiki au anapoona doa, anachukua kitambaa chenye unyevu kidogo. Kipimo chake ni hiki: ukikikamua tena hakidondoshi hata tone, na njia kiliyopitia inakauka ndani ya dakika moja. Anafuata mkondo wa nyuzi za mti, hasugui kwa kuzungusha. Akimaliza anapitisha kitambaa kingine kikavu. Ndoo yenyewe haingii sebuleni, inakaa nje barazani. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwenye sakafu hii yanazoleka vizuri, ila una dakika chache tu, kwa hiyo mtoto akipindua kikombe, anayefuta kwanza ndiye mshindi na anayegomba kwanza ndiye mshindwa.

Mtungi nao usisahaulike. Uweke kwenye pembe moja ya sebule, bila kigoda wala sahani chini yake. Mtungi wa udongo hutoa jasho, na ndiyo siri ya maji yake kuwa baridi. Jasho hilo likishuka usiku na mchana, miezi miwili mitatu baadaye uinue mtungi utazame: kuna duara jeusi lililokolea mpaka ndani ya mti. Halifutiki kwa sabuni. Fundi atakwambia apige msasa. Kila anapopiga msasa anaondoa nusu milimita au zaidi, na ngozi yako ni milimita 0.6. Piga hesabu mwenyewe, mimi sitaki lawama.

Sasa tuje kwenye silaha ambayo Mungu ametupa bure: mchanga. Lami imefika Ruangwa mjini, tunashukuru, lakini kutoka lami hadi mlangoni kwako bado ni udongo, na kiangazi cha kuanzia Juni hadi Oktoba kila pikipiki inayopita inakuachia fungu lako. Vumbi jepesi halina shida sana. Muuaji ni ile chembe ya mchanga inayong'ang'ania chini ya kandambili. Ni jiwe dogo gumu kuliko vanishi, na mtu wa kilo 70 anapolikanyaga na kugeuza kisigino anakuwa amepiga msasa bila kulipwa. Ukitaka kuliona hilo, asubuhi fungua mlango wa mashariki, chuchumaa, utazame sakafu ikiwa kati yako na jua. Kutoka mlangoni hadi kwenye kochi utaona barabara nzima ya mikwaruzo midogo midogo, imefifia, wakati chini ya meza bado panang'aa. Hakuna polishi inayoondoa barabara hiyo.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba usiweke kitu mlangoni. Wageni waingie na viatu, hasa siku Namungo inapocheza na timu ya Kariakoo na nusu ya mtaa imekuja kutazama kwako kwa sababu una televisheni kubwa. Wakaidi wanaweka mkeka mgumu nje na kitambaa kinene ndani, halafu wanasimamia sheria ya kuvua viatu barazani bila kumwonea haya mtu. Sheria hiyo ni rahisi kwetu kuliko kwa Wazungu waliozibuni mbao hizi, maana kuvua viatu mlangoni tunakujua tangu utotoni. Halafu wanafagia kila siku kwa ufagio wenye nywele laini. Fagio la chelewa wameliacha uwanjani linakostahili.

Kwa mnaokaa karibu na mashamba, kuna vumbi la pili. Kiangazi hicho ndicho tunachopulizia salfa mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na unga ule wa njano unarudi nyumbani kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye kamba za viatu. Ukiulowesha unakwenda kulala kwenye maungio na hautoki tena. Na kwa upande wa Matambarale, ambako kunachimbwa kinywe, kuna vumbi la tatu, jeusi na lenye utelezi. Kinywe kina tabia ya penseli, kwa sababu ndicho kilicho ndani ya penseli. Ukikifuta na kitambaa chenye maji unakuwa umeichora sebule. Vumbi la aina hizi mbili huondolewa likiwa kavu, kwa kitambaa kikavu kinachokung'utwa nje kila mara, au kwa mashine ya kufyonza kama unayo. Tambara likishagusa maji, umechelewa.

Dawa za dukani zinataka ukurasa wao, lakini nitazipitia kwa kasi. Jiki inapausha vanishi na ukirudia inapausha mti wenyewe. Siki, ambayo kila mjuzi wa mitandaoni anaisifu, ni tindikali. Matone machache kwenye maji hayaui siku hiyo, ila yakirudiwa kila wiki yanaacha sakafu imechakaa na kupoteza mng'ao, na hutajua umlaumu nani. Mafuta ya taa yanang'arisha jioni moja, halafu yanaacha utando unaokamata vumbi lote la wilaya, mbali na kwamba sebule yako sasa inanuka kibatari na inaweza kuwaka. Polishi nyekundu ya saruji ni kali kuliko zote kwa kuwa haikubali kurudi ilikotoka: inajaza maungio na kukupa mistari myekundu ya kudumu. Nta na polishi nyingine zinasaidia mbao zilizopakwa mafuta tu. Zilizopigwa vanishi hazinywi kitu, polishi inakaa juu, safu juu ya safu, mpaka inakuwa ukungu mweupe wenye alama za vidole vya miguu. Sabuni isiyo kali, kidogo sana, kwenye maji kidogo sana, inatosha. Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya boksi, ile uliyowashia jiko.

Jiko lenyewe, ukiwa na mkaa uliokolea, liingize ndani siku ya mvua uweke miguu yake mitatu juu ya mbao. Kinu pia kitwangiwe sebuleni. Hayo hayahitaji maelezo.

Kochi livutwe, lisinyanyuliwe. Wakaidi wanakata vipande vya blanketi kuukuu na kuvigundisha chini ya miguu ya kiti na meza, na wanavibadilisha kila vikishika mchanga, kwa sababu kipande kilichoshika mchanga ni kibaya kuliko mguu mtupu. Ukinunua zulia, chagua lenye mpira chini, lile lisiloteleza. Mpira unazuia unyevu usitoke na kwa mbao nyingi unaacha rangi ya manjano yenye umbo kamili la zulia. Hata mkeka wa ukindu una hila yake: jua likipiga dirishani kila siku linabadilisha rangi ya mti, na siku utakapouhamisha mkeka utakikuta kivuli chake kimelala palepale. Mwenye pazia hapati burudani hiyo.

Nimesema sana juu yako na juu ya mama mkwe, sasa nimtendee haki fundi, kwa sababu mara nyingi sakafu inakuwa imeshakufa kabla hujaanza kuikanyaga. Fundi wetu amezoea vigae, na kigae kinapangwa kikagusa ukuta. Mbao zinataka nafasi ya kama sentimita moja pande zote, iliyofichwa chini ya ubao wa pembezoni, zipate pa kujinyoosha masika yakifika. Zikikosa nafasi zinasukumana, na siku moja ya Februari utasikia mlio katikati ya sebule na kukuta mgongo umeinuka. Saruji changa nayo inatoa maji kwa miezi. Kuijaribu ni rahisi: bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita sakafuni, kizibe kingo zote kwa gundi ya karatasi, ukiache saa 24. Ukikibandua ukakuta umande, bado. Hata saruji kavu inatakiwa itandikwe nailoni nzito kabla ya mbao. Na maboksi yakae ndani ya chumba chenyewe siku mbili tatu, yaizoee hewa ya humo. Fundi atakwambia yote hayo ni kupoteza muda, na kwa kuwa ana safari ya kwenda Liwale kesho, utamkubalia.

Nachingwea tuna uzoefu wa mambo yaliyoletwa kwa haraka bila kuuliza. Mwaka 1947 Waingereza walianza Mpango wa Karanga: Kongwa, Urambo, na huku kwetu. Walikuja na matrekta, mengine yamegeuzwa kutoka vifaru vya vita, wakajenga bandari Mtwara na reli kutoka pwani hadi Nachingwea, wakakata pori kabla ya kulijua vizuri pori lenyewe na mvua zake. Mwaka 1951 walifunga mpango, wakiwa wamepoteza pauni zaidi ya milioni 30, na reli ikang'olewa miaka ya 1960. Walikuwa na wahandisi. Wewe una fundi mmoja mwenye safari ya Liwale.

Mchwa nimewaacha mwisho kwa heshima. Hawahitaji mwongozo wangu. Kwao tabaka za mti laini zilizogundishwa ni chakula kilichokwisha kukatwakatwa, na wanakula kuanzia chini wakiacha ile ngozi ya juu nzima, ili usihuzunike mapema. Dawa ya mchwa hupigwa ardhini kabla ya kumwaga zege. Nyumba ikishasimama kinachobaki ni kukagua kuta na pembe kila mwezi, na kuvunja kila kijinjia cha udongo unachokiona kinapanda, kisha kumwita anayejua dawa. Ukigonga ubao ukasikia mlio wa kitu kitupu, wameshamaliza na wako chumbani.

Kwa ambaye bado hajanunua, naomba sasa tusitaniane. Kama mtaa wako una vumbi, maji yako ni ya ndoo na nyumba yako ina watu wengi, weka vigae au saruji nzuri sebuleni, na mbao, kama roho imezitaka, ziweke chumba cha kulala pasipopita viatu. Ukiwa dukani usiulize rangi kwanza. Ulize unene wa ngozi ya juu na kilichoko chini yake, na chini ya milimita 2 usikubali kuambiwa kwamba itapigwa msasa ikichakaa. Halafu mwombe muuzaji kipande kimoja cha sampuli. Ukifika ulikofikia kizamishe kwenye beseni la maji usiku kucha, na asubuhi ukipime unene kwa rula. Kikiwa kimevimba sana, maboksi yaache hukohuko Dar es Salaam, na nauli ya mzigo uinunulie saruji.